Skrini ya fokasi kwenye 5D Mark II, shajara ya mradi (Mbeya)

Jumamosi, 7 Juni 2025

Naandika hii kitu kuanzia mwanzo kabisa maana najijua, nikishamaliza nitasahau nilikosea wapi halafu nirudie kosa lile lile kwenye bodi nyingine (bodi ni kamera bila lenzi). Kamera yangu ni Canon 5D Mark II, na skrini ya fokasi ni kile kipande cha ndani ambacho picha inatua ili uione ukichungulia.

Jana nilikuwa na send-off ya binti wa jirani hapa Soweto, ukumbi una zile taa za njano za kukatisha tamaa, nikajifanya mjanja nikatumia Helios karibu usiku mzima. Leo asubuhi nimekaa kwenye kompyuta nikahesabu: picha 212 za Helios, zenye jicho lililo shapu kweli 58. Zilizobaki utakuta hereni ndiyo shapu, au nywele za juu ya sikio, au shangazi aliyekaa meza ya nyuma na soda yake, binti mwenyewe ukungu mtupu. Na kinachoniuma siyo kwamba nilibahatisha, hapana, nilichungulia kwenye vyufainda (kile kidirisha cha jicho) nikaona iko safi kabisa ndio nikaminya. Jicho langu lilisema ndiyo na kamera ikasema hapana.

Kwa asiyeijua, Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti ya zamani, 58mm f/2 (namba ya f ni tundu la kupitisha mwanga, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), inafungwa kwa skrubu ya M42, hakuna umeme wala mota, kila kitu unazungusha mwenyewe. Inakaa vizuri kwenye Canon kwa sababu M42 inataka milimita 45.46 kutoka kwenye kiti cha lenzi mpaka kwenye sensa (kile kinachopokea picha) na Canon EF ina 44, kwahiyo adapta ni kaduara ka chuma ka milimita moja na nusu hivi, hakuna kioo ndani. (Wenye Nikon poleni, nyie mna 46.5, adapta yenu bila kioo haifiki mbali.) Naipenda kwa jinsi inavyozungusha mandhari ya nyuma, na pia tuseme ukweli, lenzi ya otofokasi ya f/1.4 bei yake unapata pikipiki ya mtumba.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimefanya jaribio la dakika mbili ambalo ningelifanya miaka mitatu iliyopita nisingepoteza picha zote hizo. Helios ina ringi mbili za apacha (lile tundu la mwanga), moja unaweka kikomo, nyingine unafungua na kufunga kwa mkono huku unachungulia, basi nikaelekeza kamera kwenye mparachichi wa nje nikafungua mpaka f/2 nikawa nafunga taratibu. Kutoka f/2 kwenda 2.8 hakuna kilichobadilika. Yani giza haliongezeki kabisa, majani ya nyuma yana ukungu ule ule. Nilipopita 2.8 kwenda 4 ndipo nikaona kumeanza kufifia na vitu vinaanza kukaza.

Maana yake ni kwamba skrini iliyokuja na kamera inakuonyesha dunia ya f/2.8 hata kama lenzi iko f/2 au f/1.4. Hizi skrini za kisasa zimetengenezwa ziwe nyangavu kwa ajili ya zile zumu za f/4 na 5.6, uso wake una vilenzi vidogo vidogo mno vinavyopitisha mwanga unaokuja karibu na katikati na kuutupa ule wa pembeni, na mwanga wa pembeni ndio hasa unaobeba ule ukungu wa apacha kubwa. Kwa mtu wa otofokasi haimhusu, sensa ya otofokasi iko chini kwenye sakafu ya bodi, haijui hata kama skrini ipo. Sisi wa kuzungusha kwa mkono ndio tunadanganywa kila siku.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita kwa mzee mmoja Uhindini, alikuwa na studio enzi za filamu, sasa hivi anapiga pasipoti saizi tu na kuleminati vyeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Likamera lako limekushinda tena?"

Nikamweleza. Hakujibu, akafungua droo akatoa kitu kimezungushiwa kipande cha kanga, Nikon FM2, ile iliyotoka 1982, imechubuka rangi kwenye kona hadi shaba inaonekana. Akaniambia simama hapo mlangoni angalia nguzo ya umeme. Aisee. Kwanza ukubwa wa picha yenyewe, ile kitu unaingia ndani kama unachungulia dirishani, halafu katikati kuna kaduara kamekatwa nusu kwa nusu, nusu ya juu ya nguzo iko kulia na nusu ya chini iko kushoto kama imevunjika, ukizungusha lenzi zinatembea zinakutana, zikikutana nguzo inakuwa moja. Hapo umefika, huhitaji kujiuliza.

Akanieleza kwa kutumia vipande viwili vya sabuni ya mche alivyokata mshazari. Ndani ya kale kaduara kuna vipande viwili vya kioo vimelala kwa kupishana, kimoja kinainamia kushoto kingine kulia, vinapishana pale pale kwenye usawa wa skrini. Picha ikitua sawasawa kwenye usawa huo vyote vinaiona sehemu moja. Ikitua juu yake au chini yake kila kimoja kinaisukuma upande wake. Na pembeni yake kuna ringi ya vijipembe vidogo vidogo inayometameta mpaka ufike kwenye fokasi ndipo inatulia.

"Filamu ilikuwa na picha 36," akasema, "ukikosea fokasi gharama ni yako siyo ya bibi harusi. Ndio maana walitutengenezea hii."

Nimerudi nyumbani na bajaji nawaza kale kaduara tu.

Jumamosi, 14 Juni

Machaguo. Uzuri wa 5D Mark II ni kwamba skrini inatoka kwa kupitia mlango wa lenzi, hufumui kitu. (Mark III iliyofuata waliifunga, siyo ya kubadilisha mwenyewe, wengi hawajui mpaka wameshanunua.) Za mtengenezaji mwenyewe ni tatu: Eg-A ambayo ndiyo iliyokuja na kamera, Eg-D yenye mistari ya gridi, na Eg-S ambayo ni ya kukwaruza zaidi, imetengenezwa kwa lenzi za f/2.8 kwenda chini, inaonyesha ukungu halisi lakini ukiweka lenzi ya f/4 kunakuwa giza. Yenye kaduara kalikokatwa katikati hawakuwahi kutoa kwa bodi hii. Hiyo unapata kwa watu wanaochukua skrini za kamera nyingine wanazikata kwa kipimo cha bodi yako.

Akili inasema Eg-S. Roho inasema kaduara. Nimeagiza kaduara, nje, mzigo unakuja wiki tatu. Sijutii, najua nitajuta baadaye.

Alhamisi, 19 Juni

Aibu ya leo ngoja niiandike ili iniumbue vizuri. Tangu Jumatatu nilikuwa naona kila kitu kwenye vyufainda kama kina mafuta, nikaanza kusema skrini imechoka, mara prizimu (kile kioo cha juu kinachopeleka picha jichoni) imeingia unyevu maana mwezi huu Mbeya asubuhi unapumua moshi, mara macho yangu. Nimehangaika siku tatu. Kumbe kale kagurudumu ka kurekebisha jicho pembeni ya vyufainda kamejisokota ndani ya begi.

Namna ya kukaweka: toa lenzi au elekeza kamera ukutani, usiangalie kitu cha nje hata kidogo, angalia vile vimraba vya otofokasi vilivyochorwa kwenye skrini, zungusha mpaka mistari yake iwe myembamba kama wembe. Ukifanya ukiwa unaangalia mtu, jicho lako linajirekebisha lenyewe na utakuwa umepima kitu kingine. Kabla ya kununua skrini yoyote ile anza na hapa, ni bure.

Nimekawekea kipande cha selotepu.

Jumamosi, 5 Julai

Mzigo umefika. Kwenye ofisi ya mizigo kijana ameangalia karatasi akaniuliza skrini ya simu gani, nikasema ya kamera, akasema kamera gani ina kioo kidogo hivi, nikaona nikianza kueleza nitalala pale.

Kiboksi kidogo, ndani kuna kipande cha plastiki angavu kikubwa kuliko stempu kidogo, kana kasikio kamoja pembeni ka kushikia, na kibano cha plastiki. Nimekiangalia bila kukigusa. Kwa pembeni kinaonekana kinene kuliko nilivyotarajia, lakini nikasema ni macho.

Jumapili, 6 Julai

Nimefunga. Niandike kwa urefu kidogo.

Vumbi ndio adui namba moja, na huu ni mwezi wa saba, barabara ya kwetu haina lami. Kwahiyo nimefanyia bafuni. Nimemwaga maji sakafuni na ukutani nikaacha robo saa vumbi litulie, nikavua sweta maana sweta linatoa nyuzi, nikaweka kibao juu ya ndoo na taulo jipya lisilotoa manyoya. Kipulizio ni kile kimpira cha kuvutia mafua ya watoto cha duka la dawa, kipya, kinafanya kazi sawa na vile vya bei.

Kamera nimeilaza kichwa chini, lenzi imetoka. Hii ni muhimu kwa sababu skrini inakaa kwenye dari ya kile chumba cha kioo (kile kinachoipandisha picha juu kwenye skrini), ukiigeuza bodi juu chini skrini inakuwa imelala kwenye kiti chake yenyewe, haikuangukii. Kuna kafremu ka waya kanaishikilia, mbele kana kindoano, unakisukuma kwa ncha ya kibano kinaachia kwa mlio mdogo, kafremu kananyanyuka. Unashika kale kasikio, unatoa skrini ya zamani. Chini yake nikakuta kitu ambacho hakuna aliyeniambia, kibati chembamba cha umbo la fremu, chembamba kama karatasi ya sigara, kimelegea tu pale. Nikakirudisha kama kilivyokuwa. Skrini mpya inaingia, ule upande wa kukwaruza unaangalia kwenye kioo, ule laini unaangalia prizimu. Ukikosea hapa picha zote zitakosea kwa unene mzima wa plastiki.

Halafu nikaona kiunyoya. Kipulizio kiko mkononi, mkono wa kushoto, kabisa! Mimi nikapuliza kwa mdomo. Tone la mate, katikati, karibu na kaduara.

Nilikaa chini kwenye ndoo.

Usifute. Hii plastiki ni laini, spiriti inaipausha, kitambaa kinakwaruza na mkwaruzo hautoki tena. Nilichofanya nimetuma mtoto duka la dawa akaniletee maji ya sindano, ile chupa ndogo ya plastiki ya kuvunja shingo, ni maji safi yasiyo na chumvi, nikadondoshea matone nikiwa nimeshika kasikio kwa kibano, nikatikisa, nikapulizia kwa kimpira mpaka ikakauka. Kimebaki kivuli kidogo upande wa chini kulia. Kwenye picha hakitokei na hakiwezi kutokea, skrini haipo njiani wakati wa kupiga, kioo kinanyanyuka mwanga unaenda kwenye sensa moja kwa moja, uchafu wa skrini unauona wewe peke yako. Lakini nitauona kila siku.

Kafremu kikarudi, tik. Nikaweka Helios, nikachungulia kwenye ubao wa mlango. Mlango umekatika katikati! Nikazungusha, mlango ukaungana. Nimecheka peke yangu bafuni mpaka mke wangu akagonga.

Jumatano, 9 Julai

Nisingecheka mapema. Kaduara kanaungana vizuri kabisa na picha zinatoka fokasi imeangukia mbele. Zote.

Jaribio: viberiti saba mezani vimepangwa mshazari kama ngazi, kila kimoja kimerudi nyuma sentimita moja kuliko jirani yake, kamera kwenye stendi mita 1 kutoka kiberiti cha katikati, Helios f/2. Naunganisha kaduara kwenye ukingo wa kiberiti cha katikati, napiga, navuruga fokasi, naanza upya, mara kumi, mara tano nikitokea mbali na mara tano nikitokea karibu maana mkono una tabia ya kusimama mapema. Halafu nawasha laivu vyu (picha ya moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma ya kamera), nakuza mara 10, naweka fokasi hapo kama hakimu, kwa sababu laivu vyu inasoma sensa yenyewe, haina habari na skrini. Hakimu anasema shapu iko kati ya kiberiti cha pili na cha tatu kuja upande wangu. Sentimita 2 na nusu hivi.

Sababu sasa. Safari ya mwanga kutoka kwenye kioo hadi skrini inatakiwa iwe sawa na kutoka kwenye kioo hadi sensa. Skrini yangu mpya ni nene kuliko ya zamani (macho yangu yalikuwa sahihi), na kwa kuwa imebanwa kwa juu na kile kibati, unene wote umeshuka chini, uso wa kukwaruza umesogea karibu na kioo, safari imekuwa fupi. Safari ya skrini ikiwa fupi picha inaangukia mbele ya mtu, ikiwa ndefu inaangukia nyuma.

Kiasi gani? Lenzi ya 58mm kwa mita 1 inapunguza kitu mara 16 hivi, na kwa upande wa kina unazidisha hiyo kwa yenyewe, mara 256. Milimita 25 gawa kwa 256 ni kama 0.1. Sehemu ya kumi ya milimita ndiyo inayonikosesha usingizi. Kina chote cha ushapu kwa f/2 umbali huo ni kama sentimita 3 na kidogo, nusu mbele nusu nyuma, kwahiyo ukikosea kwa 2.5 umeshatoka nje kabisa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeenda kwa mafundi wa lesi (mashine ya kuchonga chuma) upande wa Sae, wenye mikromita ya kupimia unene. Nimebeba kile kibati kwenye bahasha.

"Gasketi ya nini hii?" fundi ameniuliza, amekishika kwa kucha mbili utadhani kitamng'ata.

"Ya kamera kaka."

"Kamera nayo ina gasketi!" Akawaita wenzake.

Mikromita imesema 0.20. Nataka 0.10. Ukimwambia fundi unataka bati la 0.10 anakuangalia kwanza usoni. Nikasema vipi kopo la soda, akaokota moja pale pale nje, akakata ubavu kwa mkasi, akapima sehemu nne: 0.11, 0.10, 0.10, 0.11. Nikamwambia hiyo hiyo. Tukasugua rangi na ile ngozi ya ndani kwa msasa laini sana wa maji, ikashuka ikakaa kwenye 0.10. Hela hakutaka, ametaka picha ya profaili akiwa na ovaroli, nimempiga na Helios kwa kutumia laivu vyu, sikutaka kubahatisha mbele za watu.

Jumapili, 13 Julai

Bafuni tena. Fremu nzima nimeshindwa kukata bila kuipinda, alumini ya kopo inakumbuka uduara wake, kwahiyo nimekata vipande viwili tu vya kama milimita 2 upana vya kukaa kwenye kingo ndefu, nikavilaza chini ya rula ya chuma na matofali mawili usiku kucha, asubuhi nikasugua kingo na kuzipaka maka peni nyeusi zisirudishe mwanga. Kibati cha asili nimekibandika kwa selotepu kwenye daftari hili hili, ukurasa wa 9 Julai.

Mara ya kwanza kushoto shapu, kulia hapana. Kipande kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kingo. Mara ya pili nimekisukuma kwa kijiti cha meno. Viberiti vimesema sawa, mara nane kati ya kumi kiberiti cha katikati ndicho, mbili zimekosea kwa kama nusu sentimita na hiyo naikubali, hiyo ni mkono wangu.

Nikajaribu na mbali pia, nimesimama nyuma ya nyumba nikaelekeza mlima Loleza. Kaduara kanaungana ringi ikiwa karibu kabisa na mwisho wake. Safi.

Jumamosi, 19 Julai

Mita ya mwanga imeharibika, au siyo kuharibika, imechanganyikiwa. Sensa ya kupima mwanga iko juu kwenye prizimu, inaangalia ile picha iliyoko kwenye skrini, sasa skrini yangu ni nyeusi kidogo kuliko ya zamani kwahiyo mita inadhani nje ni giza na inaongeza mwanga. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuiambia kamera umeweka skrini gani, lakini inazijua zile tatu za nyumbani tu. Kwa ukuta wa kijivu imezidisha theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), nikarekebisha kwa kupunguza hiyo hiyo, halafu nikafunga lenzi mpaka f/5.6 nikakuta kosa limekuwa lingine. Ile ya kupima nukta ya katikati ndio usahau, inapima kaduara lenyewe. Nimeamua M (mwanga naweka mwenyewe kwa mkono), napiga moja naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga, basi. Kwenye laivu vyu mita iko sawa, kule inapima kwa sensa ya picha.

Jumapili, 27 Julai

Harusi ya jana, Tukuyu. Mvua nyepesi ya kule isiyoisha, migomba inameta, mandhari ya bure.

Kaduara kwenye vitu vilivyosimama ni raha ya ajabu. Ukingo wa kola ya bwana harusi, fremu ya mlango wa kanisa, pete juu ya Biblia, unaunganisha unaminya huna wasiwasi. Kwenye watu hai kanachosha. Uso wa mtu hauna mistari, nyusi labda, na mtu anacheka anageuka, wewe uko katikati unatafuta cha kukata. Halafu kako katikati tu! Unaweka fokasi kwenye jicho, unasogeza kamera ili mtu akae pembeni, na kwa f/2 ule msogeo peke yake unatosha kukuharibia. Nikaweka zumu ya f/5.6 wakati wa maandamano, nusu ya kaduara ikawa nyeusi tii, kama mtu kanibandikia gundi kwenye jicho. Hiyo ni tabia yake, vile vioo vilivyolala vinahitaji mwanga wa pembeni ambao lenzi ya 5.6 haina.

Na hesabu ni hii, Helios picha 167, shapu 94. Afadhali kubwa, lakini niliangalia zile 94 moja moja na kinachonishangaza ni kwamba nyingi sikutumia kaduara. Nilitumia ile sehemu ya kukwaruza iliyoko nje yake, pembeni pale, niliona jicho limeruka likatoka kwenye ukungu nikaminya. Kwahiyo nilichokuwa nakihitaji siyo kukatwa kwa mlango. Nilihitaji skrini inayokubali kuonyesha ukungu.

Nimempigia jamaa yangu wa Dar, anayo Eg-S aliyoitoa kwenye bodi aliyoiuza.

Jumamosi, 2 Agosti

Imekuja na basi la usiku, imefungwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa pamba. Namshukuru, ila pamba! Nimepulizia kwa kimpira karibu dakika kumi.

Bafuni mara ya nne, sasa hata mtoto anajua, anamwaga maji mwenyewe. Nilikuwa nishaiweka na nishasikia tik ndipo nikakumbuka vipande vya kopo bado viko ndani. Eg-S ina unene wa nyumbani, inataka 0.20 yake. Nikafungua tena, nikabandua kibati kwenye daftari, gundi ya selotepu imebaki kwenye kona moja, nikaitoa kwa ukucha taratibu kama natoa mwiba. Viberiti: mara tisa kati ya kumi. Menyu nimeiambia Eg-S, mita imetulia.

Kuna giza kidogo nikiweka zumu, hilo sikatai.

Jumapili, 10 Agosti

Juzi Nane Nane viwanja vya John Mwakangale. Vumbi, jua la kiangazi, ng'ombe, matrekta, watu hawasimami. Nimezunguka na Helios tu, skrini ya Eg-S. Kwenye banda moja la parachichi alikuwepo mama mmoja wa makamo anapanga matunda kwa ukubwa, nikamsalimia nikaomba ruhusa, akasema "Piga tu baba, ila sisimami, nina kazi." Hakusimama kweli. Nikawa nazungusha ringi kidogo kidogo mbele nyuma, nikaona kwanza ncha ya kilemba imekaza, halafu nyusi, halafu kope zenyewe, pale pale nikaminya, akainama kuchukua lingine. Nimepiga tisa, saba kope zinahesabika.

Ile ya kaduara nimeirudisha kwenye kiboksi chake, nitaitumia kupiga vitu vya duka la dada yangu, sabuni na viatu havichoki kusimama. Vipande vya kopo nimevibandika kwenye ukurasa wa 9 Julai pale kilipokuwa kibati, nimeandika juu yake kwa maka peni: 0.10, YA KADUARA, USITUPE.